Somo la Majilio: Mvua ya Kwanza na Mpaka wa Jirani

Masomo ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 19:14, Ruthu 2, Yakobo 5:7-9.



Majilio yakianza, sisi wa Utemini hutazama juu kwa sababu mbili. Tunamngoja Bwana, na tunatafuta wingu. Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida, lakini wengi wetu tuna mashamba vijijini, na mvua haimwulizi mtu anaishi wapi. Msimu wetu ni mmoja tu. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na kwa mwaka hutupatia kama milimita 500 hadi 800. Anayechelewa kupanda hana msimu wa pili wa kujisahihisha.

Huko Ulaya majani huchipua kati ya Machi na Mei, baridi inapokwisha. Kwa hiyo Kanisa la huko lina Siku za Kuomba, yaani Jumatatu, Jumanne na Jumatano kabla ya Sikukuu ya Kupaa. Desturi hiyo ilianzishwa na Askofu Mamertus wa Vienne, Ufaransa, karibu mwaka 470, watu wake walipopatwa na matetemeko na moto. Baadaye huko Uingereza waumini walitembea na kasisi wao kuzunguka mipaka ya parishi, wakiyaombea mashamba. Siku hizo zimo katika Kitabu cha Sala cha 1662. Lakini zinapofika, huku kwetu mvua imekwisha na watu wanafikiria kuvuna. Wakati wetu wa kuchipua ni sasa, katika Majilio.

Hebu msome Yakobo. Katika mistari mitatu tu anataja kuja kwa Bwana, mkulima anayeingoja mvua, na onyo kwamba ndugu wasinung'unikiane. Kwa nini ameyaweka mambo hayo pamoja? Mkulima anajua jibu. Ugomvi mwingi wa majirani huanza siku ya kwanza ya kulima.

Kasisi mmoja wa Uingereza, George Herbert, aliyefariki mwaka 1633, aliandika kitabu juu ya kazi ya kasisi wa shamba, kikachapwa mwaka 1652. Humo alieleza faida nne za kutembea mipakani. Tuzitazame moja moja.

1. Baraka. Tunamwomba Mungu abariki mashamba. Jambo hili lianzie nyumbani. Mama anaposhusha masuke ya mtama yaliyohifadhiwa juu ya moshi wa jiko, baba na watoto wakusanyike, waziombee mbegu kabla hazijatoka mlangoni. Desemba shule zimefungwa. Mtoto anayefukia mbegu nyuma ya mzazi wake anajifunza imani na kazi kwa pamoja.

2. Haki. Mipaka ihifadhiwe. Hapa naomba niungame. Kwa miaka mingi nilifundisha katika chuo cha ualimu, na niliwafundisha wanachuo kupima eneo la shamba. Lakini mwaka mmoja, mvua ilipowahi, nilimwona kijana aliyekuwa akinilimia akipitisha maksai mahali ambapo minyaa ya mpakani ilikuwa imekauka. Alilima mistari minne ndani ya shamba la jirani. Niliona, nikanyamaza, nikijiambia kwamba mistari minne si kitu.

Jirani naye hakusema neno. Kilichobadilika ni salamu. Yeye aliyezoea kuniita, "Umeamkaje, Mwalimu?" akaanza kupita upande wa pili wa njia. Na sote wawili tuliendelea kuiendea Meza ya Bwana. Baada ya kuvuna nilikwenda kupima: upana hatua moja, urefu hatua mia na ishirini. Uwele wake haukujaza debe. Kwa ajili ya uwele usiojaza debe nilikuwa nimempoteza jirani kwa miezi saba.

3. Upendo. Wanaotembea pamoja hupatana. Nilimfuata jirani yangu, nikamwomba twende shambani wawili. Nilimwonyesha mahali, nikamrudishia mavuno yake, nikamwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, nilikuwa nangoja uje." Siku hiyo hiyo tulikata vijiti vya minyaa, tukavipanda upya, tukijihadhari utomvu usituingie machoni. Ikishindikana kupatana wawili, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ili kupatanisha. Lakini ni heri kwenda kwa jirani kabla ya kwenda barazani.

4. Rehema. Maskini wakumbukwe. Januari na Februari vihenge vingi huwa vitupu. Ndipo mjane asiye na chakula huenda kupalilia shamba la mwingine apate unga wa siku moja, na shamba lake mwenyewe linaingia majani. Hivyo njaa ya mwaka huu inazaa njaa ya mwaka ujao. Boazi aliliona hilo kwa Ruthu akatenda mapema, wakati wa mavuno. Nasi tutende mapema. Ukimkopesha mjane maksai baada ya watu wote kumaliza kulima, umempa msaada uliopitwa na wakati. Zamani ujima ulimalizika kwa pombe. Togwa na uji vinatosha, na watoto nao watakunywa.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya Krismasi, kila nyumba ijaribu kujibu maswali haya:

(a) Je, mpaka wetu ni ule ule wa mwaka jana?
(b) Ni jirani gani ambaye hatusalimiani naye kama zamani, na nani ataanza kumwendea?
(c) Katika mtaa wetu, nani hana mbegu, na nani hana maksai? Tutakwenda kwake siku gani?

Swali la tatu lisijibiwe kwa maneno "Mungu atasaidia." Liandikiwe jina na siku.

Bwana atakapokuja atukute tukingoja vizuri, shamba limepandwa na jirani ametusalimu.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu,
Utemini, Singida