Kidonge kinapobanduka kama kifuniko

SWALI: Nilinunua parasetamo hapa Biryogo. Nikikitoa kidonge kwenye pakiti, juu kinabanduka kama kifuniko na unga unabaki kiganjani. Ni feki? Naweza kumpa mwanangu nusu?

JIBU: Kubanduka peke yake hakuthibitishi kuwa dawa ni feki. Parasetamo ni sumbufu kiwandani: chembe zake zikibanwa hutaka kujinyoosha tena, na kidonge kikitoka kwenye mashine hupasuka juu. Kwa hiyo watengenezaji wengi huianzia jikoni, kama mtu wa uji. Unga wa dawa hukandwa kwa wanga uliopikwa ukawa gundi, hupitishwa kwenye chekeche, hukaushwa, kisha huchekechwa tena. Zinazotoka ni chenga, na hizo ndizo zinazobanwa.

Kwa nini chenga? Jaribu kumimina unga wa muhogo kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, halafu mimina sukari. Sukari inashuka, unga unakwama. Mashine nayo hujaza tundu lake hivyo hivyo. Unga ukikwama, kidonge kimoja kitapungua dawa na kingine kitazidi, ingawa pakiti inasema miligramu 500 kwa vyote. Chenga zikikaushwa kupita kiasi hazishikani. Zikibaki na maji, zinanata kwenye chuma. Unga laini ukizidi katikati ya chenga, hewa hunaswa ndani, nayo ikitafuta njia ya kutoka, kifuniko hicho hapo!

Lakini kusaga laini si kosa kila mara. Griseofulvin, dawa ya fangasi, huyeyuka kwa shida mno. Iliposagwa laini zaidi, dozi ilipunguzwa kwa nusu hivi. Kuna pia kosa la upande wa pili, kidonge kigumu kama kokoto. Kukipima, maabara hutia kidonge kimoja kwenye kila mrija kati ya mirija sita, ndani ya maji ya nyuzi 37. Kwa kanuni za Uingereza, kisicho na ganda kisizidi dakika 15 kabla ya kumeguka. Usikipime cha ganda kwenye glasi yako nyumbani: vingine vimetengenezwa visimeguke tumboni.

Mtoto usimpe nusu ya kidonge kilichomong'onyoka, kwani hujui nusu hiyo ina kiasi gani. Nunua ya maji, ipimwe kwa uzito wa mtoto. Vidonge virudishe dukani, mfamasia awaarifu Rwanda FDA, mamlaka ya dawa iliyoundwa mwaka 2018. Pakiti usiitupe, ile namba ndogo ya toleo iliyobonyezwa pembeni ndiyo watakayoiuliza kwanza.