Mzazi kuhoji alama za mwanawe: Ni haki yake, lakini adai sababu kwanza



Katika mambo yanayochafua uhusiano baina ya wazazi na walimu, moja ni daftari la mtoto. Mtoto anapewa kazi ya nyumbani, anaifanya, mwalimu anaisahihisha, kisha daftari linarudi nyumbani likiwa na kosa pale ambapo mzazi anaamini palistahiki vema. Hapo hutokea moja kati ya mambo matatu. Wako wazazi wanaonyamaza kwa kuona kuwa mwalimu ndiye ajuaye. Wako wanaomsema mwalimu mbele ya mtoto bila ya kumfikia mwenyewe. Na wako wanaofunga safari hadi shuleni wakiwa wamekwishatoa hukumu njiani.

Hoja yangu katika makala haya ni kuwa njia zote tatu zina kasoro. Mzazi ana haki ya kuhoji, lakini anachotakiwa kukidai si alama, bali ni sababu ya alama. Na mwalimu naye akiulizwa sababu, haifai ajifiche nyuma ya ualimu wake. Nayasema haya nikiwa mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, niliyeanza kazi Handeni na baadaye kuhamia Korogwe, ambaye nimekaa na wazazi wengi wenye madaftari mikononi.

Alama ni kipimo, na kipimo ni amana

Tuanze na msingi. Mwenyezi Mungu (sw) ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin, ambayo ni sura ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo: wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kikamilike, lakini wakiwapimia wengine hupunguza. Wengi wetu tukiisoma sura hii humfikiria muuza mahindi na debe lake au muuza mafuta na koroboi yake. Lakini mwalimu mwenye kalamu nyekundu naye ni mpimaji. Anapima juhudi za mtoto na kuandika matokeo ya kipimo hicho. Akimpunja mtoto alama aliyoistahiki, amepunja.

Hata hivyo, onyo hilo halimhusu mwalimu peke yake. Mzazi anayetaka mwanawe azidishiwe alama ambazo hakuzistahiki, naye anataka mizani ipindishwe kwa faida yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, waumini wameamrishwa kusimamisha uadilifu hata kama utakuwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Mtoto ni jamaa wa karibu mno. Kama kweli alikosea, uadilifu ni mzazi kukubali kuwa amekosea.

Kosa lililogusa ibada

Nikiwa Handeni, katika shule ambayo si lazima kuitaja, mwalimu mwenzangu aliwapa wanafunzi wa darasa la tano kazi ya nyumbani: "Taja faradhi za udhu." Binti mmoja akaandika sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata utaratibu. Mwalimu akampa vema nne na kosa mbili. Nia na utaratibu vilikatwa, na chini pakaandikwa kuwa faradhi ni nne.

Baba yake, ambaye husomesha madrasa, alikuja siku ya pili baada ya vipindi. Alikuwa na daftari la binti yake na kitabu cha Safinatun Najaa. Alisalimia, akakaa, kisha akasema, "Ustadh, sikuja kudai alama mbili. Nimekuja kwa sababu binti yangu tangu jana ananiuliza kama sala zake zote alikuwa anasali bila udhu sahihi."

Ndugu msomaji, tafakari swali la mtoto yule. Sisi watu wazima tunaona alama nne juu ya sita. Yeye aliona kuwa ama baba yake amemfundisha uongo, au mwalimu wake hajui dini, au ibada yake ni batili. Na katika hayo matatu hapana hata moja lililokuwa kweli.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na tegemeo. Mwalimu alifuata hesabu ya madhehebu ya Hanafi, ambayo huchukua viungo vinne vilivyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 6. Binti alifuata madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayosomeshwa katika madrasa nyingi za pwani yetu na bara yake. Wanazuoni wa Kishafi huongeza nia, kwa tegemeo la hadithi mashuhuri kuwa amali huzingatiwa kwa nia, na huongeza utaratibu kwa kuwa aya yenyewe imevipanga viungo kwa mpangilio maalumu. Kwa hiyo kosa halikuwa katika jibu la mtoto. Lilikuwa katika swali, ambalo halikusema ni kwa mujibu wa madhehebu gani.

Mwenzangu yule, Allah amlipe kheri, hakubishana. Siku iliyofuata aliwaeleza wanafunzi wote hesabu zote mbili na tegemeo la kila moja, akarekebisha alama za kila aliyeandika sita, na tangu hapo akawa anaandika maswali yake kwa ukamilifu. Wakati huo walikuwepo watoto wengine waliokatwa vilevile, ambao wazazi wao hawakuja. Nao wakapata haki yao kwa sababu mzazi mmoja aliuliza vizuri.

Mambo haya hayapo kwetu tu. Mwaka 2015 nchini Marekani ulizuka mjadala mkubwa juu ya karatasi ya mtoto aliyetakiwa kukokotoa 5 x 3 kwa kujumlisha kwa kurudia. Mtoto aliandika 5+5+5, akapata 15. Mwalimu akamkata, kwa kuwa alitaka aandike 3+3+3+3+3, yaani mafungu matano ya tatu tatu. Waliomtetea mwalimu walisema anafundisha maana ya kuzidisha, na si jibu tu. Waliomtetea mtoto walisema 15 ni 15. Lakini mzazi anayeona alama ya kosa mbele ya jibu sahihi atajuaje kilichokusudiwa ikiwa hakuelezwa? Kosa lisilo na maelezo ni hukumu isiyo na sababu.

Si kila lalamiko ni la haki

Baada ya kusema hayo, lazima tuseme na upande wa pili. Huku Korogwe nilishuhudia baba mmoja aliyekuja na jazba kulalamikia hesabu za mwanawe wa darasa la sita. Meza yangu ilikuwa jirani na ya mwalimu husika, hivyo nilisikia yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, hili swali la tatu limefanywa kwa njia gani?" Yule baba akashika kalamu na kuanza, "Hapa mimi nilichukua hii ya juu nika..." Akanyamaza. Alikuwa anatetea alama zake mwenyewe!

Wazazi wa namna hii wapo, na wengine wana nia njema kabisa. Mtoto amechelewa kurudi, usiku umeingia, mzazi anaona bora amalizie. Lakini kazi ya nyumbani inatolewa ili mwalimu ajue mtoto ameelewa nini na hajaelewa nini. Mzazi akiifanya yeye, mwalimu anapima akili ya mzazi, na mtoto anabaki na ujinga wake. Siku ya mtihani mzazi hatakuwepo.

Wapo pia wanaohoji kwa kusikia tu. Mtoto amesema "mwalimu ananionea", basi maneno hayo yamekuwa ushahidi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuzihakikisha habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Mwanao si lazima awe mwongo. Anaweza kuwa hakusoma swali vizuri, au ameruka sehemu ya pili ya swali, au ametaja mambo matatu pale palipotakiwa manne.

Vilevile mwalimu naye ni binadamu mwenye mzigo. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, madarasa mengi yamefurika. Chukua darasa la watoto 90. Mwalimu akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, ni dakika 180, yaani saa tatu kamili kwa somo moja la siku moja, na bado hajaandaa somo la kesho. Ndio maana baadhi ya walimu huwaachia wanafunzi wabadilishane madaftari na kusahihishana. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mwalimu, uliza kwanza: kosa hili limewekwa na nani?

Funzo la mwaka 2012

Huenda akasema mtu kuwa kuhoji wasahihishaji ni utovu wa adabu. Kwa Waislamu wa Tanzania, jibu liko karibu. Itakumbukwa kuwa mwaka 2012 matokeo ya kidato cha sita ya somo la Maarifa ya Uislamu yalilalamikiwa na wadau wa shule za Kiislamu, ambao waliona hayalingani na uwezo wa vijana wao. Baraza la Mitihani likayapitia upya, likakiri kuwa palikuwa na dosari katika ukokotoaji, na matokeo yakarekebishwa. Mwaka uliofuata, serikali yenyewe iliamuru matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yapangwe upya, baada ya takriban asilimia 60 ya watahiniwa kupata daraja sifuri.

Sirudii habari hizi ili kufufua malumbano ya wakati ule. Ninachotaka tukione ni hiki: ikiwa chombo cha taifa chenye wataalamu na mitambo kinaweza kukosea na kikarekebisha, vipi mwalimu mmoja mwenye madaftari 90 aone kuwa kuulizwa ni kuvunjiwa heshima? Wale waliohoji mwaka 2012 wasingelihoji, vijana wale wangebaki na alama zisizo zao.

Na katika Suratul Kahf tunasoma kisa cha Nabii Musa (as) na yule mja mwema aliyepewa elimu. Musa aliuliza kabla ya wakati, na akakumbushwa kusubiri. Hiyo ni adabu ya mwenye kuuliza. Lakini tuangalie mwisho wa kisa: hawakuachana mpaka Musa alipoelezwa sababu ya kila jambo aliloliona. Huo ni wajibu wa mwenye kufundisha.

Njia ya kufuata

Kwa hiyo nawashauri wazazi wenzangu yafuatayo:

1. Anza na mtoto. Akusomee swali lenyewe kama lilivyo, kisha jibu lake. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kufanya hivi, na haki yake ya kuuliza hainapungua hata kidogo.

2. Usimseme mwalimu mbele ya mtoto. Ukimvunjia heshima mwalimu wake leo, kesho mtoto hatajifunza kwake hata lile lililo sahihi.

3. Nenda kwa mwalimu wa somo mwenyewe, baada ya vipindi, ukiwa na daftari. Usianze na "kwa nini umemkata mwanangu?" Anza na "Mwalimu, naomba unieleweshe hapa."

4. Msipoafikiana, nenda kwa mwalimu wa taaluma, kisha kwa mwalimu mkuu. Kamati ya shule na Afisa Elimu Kata wapo pia, lakini usiruke ngazi.

5. Ikibainika mwalimu yuko sahihi, rudi nyumbani umwambie mtoto hivyo, na umshukuru mwalimu. Ikibainika mtoto yuko sahihi, omba darasa zima lielezwe, maana yawezekana wako wengine.

Na kwa walimu wenzangu nina matatu. Kwanza, tuandike sababu. Maneno mawili au matatu kama "soma swali tena" au "njia imerukwa" yanatosha kuzuia ugomvi wa wiki nzima. Pili, tukibaini kuwa alama haikuwa sahihi, tuirekebishe hadharani, kwani mwanafunzi hujifunza uadilifu zaidi kwa kumwona mwalimu akirudi kwenye haki kuliko kwa kusomeshwa mada ya uadilifu. Tatu, na hili ndilo kubwa, tusilipize kisasi kwa mtoto. Wazazi wengi hawanyamazi kwa kuridhika. Wananyamaza kwa hofu kuwa wakisema, mtoto atabaki darasani na mwalimu aliyeudhika. Hofu hiyo tumeijenga sisi, na sisi ndio tunaoweza kuiondoa.

Mtoto anayewaona baba na mwalimu wakikaa meza moja, daftari katikati, kila mmoja akitoa hoja yake kwa utulivu, amepata somo ambalo halimo katika mtaala wowote. Anajifunza kuwa haki hutafutwa kwa hoja, na kuwa mkubwa naye huulizwa akajibu. Na anayewaona wakigombana, au akimwona mzazi wake ananyamaza kwa woga, anajifunza kuwa mwenye sauti au mwenye cheo ndiye mwenye haki. Huyo ndiye tutakayemkabidhi vipimo vyetu kesho, awe hakimu, mfanyabiashara au mwalimu.

Tumuombe Allah (sw) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopima kwa uadilifu, na wanaokubali kupimwa.

Wabillahi tawfiiq.