Mate Hutoa Habari za Fizi

Wengi wetu humwendea daktari wa meno pale tu jino linapouma. Lakini ugonjwa wa fizi mara nyingi huanza bila maumivu. Dalili yake ni damu kwenye mswaki. Ukoga ukijikusanya, bakteria huzidi, na chembechembe nyeupe za damu huja kupambana nao. Hutoa protini iitwayo MMP-8, ambayo hukata kolajeni, yaani nyuzi zinazoshika jino. Protini hiyo huingia katika mate, na wataalamu huweza kuipima humo. Ikizidi ni onyo, ingawa daktari bado lazima achunguze fizi zenyewe. Mfupa unaoshika jino ukishalika haurudi wenyewe. Basi tusingoje maumivu: tukiona damu, tuzidi kusafisha meno na tumwone daktari mapema.