Kiazi Kibichi na Kiazi Kilichochemshwa: Namna ya Kuifundisha Seli kwa Vitu vya Sokoni

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha kwanza achore seli ya mmea, naye atachora mstatili, ataweka duara ndani yake, atavuta mistari na kuandika majina. Atapata alama zake zote, na bado atakuwa hajaiona seli. Kinachokosekana kwenye mchoro ule ni uhai. Ile mistari miwili ya pembeni, ukuta na utando, huchorwa ikiwa imegusana kana kwamba ni kitu kimoja, wakati tofauti kati ya kiumbe hai na mabaki yake imelala hapo hapo. Ukuta unaweza kusimama miaka mingi baada ya seli kufa. Utando ukiharibika, seli imekwisha.

Hilo linaweza kuonekana kwa macho, na vifaa vyake viko sokoni Njombe na Makambako: kitunguu chekundu, viazi mviringo, chumvi, sukari, na kichupa cha iodini kutoka duka la dawa. Haya nayaandika kwanza kwa walimu wa baiolojia, ila mzazi mwenye meza na jiko anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii na watoto wake wakati wa likizo.

Anza na kitunguu, kwa sababu seli zake ni kubwa, nyingi zikiwa na urefu wa robo milimita au zaidi. Chagua chekundu kilichokolea rangi. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinafaa sana. Kikate robo, toa gamba moja nene, kisha livunje taratibu bila kulikata ili ngozi nyembamba ya zambarau iliyo upande wa nje ibaki ikining'inia. Ivute kwa koleo dogo. Unahitaji kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Weka tone la maji kwenye slaidi kwanza, tandaza ngozi juu yake bila kuikunja, halafu shusha kioo cha kufunikia kwa kukiinamisha, upande mmoja ukitangulia kugusa maji. Ukikibwaga bapa utafungia viputo vya hewa, na viputo ni adui wa somo hili. Huonekana kama miduara yenye ukingo mnene mweusi, na darasa zima litavichora likidhani ni viini vya seli.

Hadubini nyingi za shule hutegemea kioo cha kuakisi mwanga. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ukungu hukawia kuondoka, kwa hiyo somo hili lipangiwe vipindi vya saa tano na kuendelea. Elekeza kioo kwenye anga jeupe. Kisielekezwe kwenye jua hata kwa mzaha, maana mwanga wa jua ukipita kwenye lenzi unaweza kuunguza jicho la mtoto.

Tumia lenzi ndogo kwanza, ile ya mara 4, upate kuona seli zilivyopangana. Kabla ya kupanda juu, weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi hiyo na uhesabu ni milimita ngapi zinaonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hadubini nyingi za shule ni kama milimita 4 na kitu. Sasa rudisha kitunguu na uhesabu seli zilizojipanga kwa urefu katika nafasi hiyo, kisha gawanya. Mtoto wa miaka 14 ameshapima seli kwa rula ya shilingi mia chache, na hakuna kitabu kinachoweza kumpa hisia hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu glasi ya maji. Weka tone lake kwenye ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia, na upande wa pili gusisha kipande cha tishu kinyonye maji ya awali, ili maji ya chumvi yapite chini ya kioo. Mwanafunzi asiondoe jicho. Ndani ya dakika chache rangi ya zambarau itaanza kuachana na kona za seli, itasinyaa, na mwishoni itabaki donge katikati ya chumba kitupu. Rangi ile iko ndani ya vakuoli, mfuko mkubwa wa maji unaojaza sehemu kubwa ya seli hiyo. Chumvi ya nje imevuta maji kutoka ndani, na utando umerudi nyuma ukiuacha ukuta peke yake. Hapa ndipo mistari miwili ya kwenye mchoro inapotengana mbele ya macho. Ni kama tairi la baiskeli na mpira wake wa ndani: mpira ukijaa huwezi kuona nafasi kati yao, ukipungua upepo tairi linabaki na umbo lake na mpira unalegea.

Usiishie hapo. Pitisha maji safi kwa njia ile ile, matone kadhaa. Kama seli bado ni hai, zambarau itatanuka na kugusa kuta tena. Kisha chukua kipande kingine cha ngozi, kichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, na ukiweke chini ya lenzi. Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini hiyo inatosha kabisa. Utando huvurugika hata kabla ya nyuzi 70. Utakuta rangi imevuja, na chumvi haifanyi lolote. Kuta ziko palepale, zimenyooka, nzuri za kuchorwa. Waulize wanafunzi nini kimebadilika, na uvumilie ukimya wao. Mwalimu akitoa jibu upesi, zoezi lote linapotea.

Iodini ije mwisho, kwa sababu inaua seli. Izimue kwa maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi, na uitumie kwenye ile ngozi nyeupe ya upande wa ndani wa gamba. Kiini kitaonekana kama kidoa cha kahawia, mara nyingi kikiwa kimesukumwa ukingoni na vakuoli. Wale waliozoea kukiweka katikati ya mchoro watashangaa, na wana haki ya kuelezwa sababu.

Historia ya jambo hili inasaidia kidogo darasani. Robert Hooke wa Uingereza, katika kitabu alichochapisha mwaka 1665, alichora vyumba alivyoviona kwenye kizibo. Vilikuwa vitupu: seli zilizokufa zamani, zikabaki kuta. Ilichukua zaidi ya miaka 160 hadi Robert Brown alipokieleza kiini kama sehemu ya kawaida ya seli za mimea, mwaka 1831, ndipo wanasayansi Schleiden na Schwann, mwaka 1838 na 1839, wakasema kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Ganda la kahawia la kiazi mviringo ni tishu ya aina ile ile ya kizibo cha Hooke. Ni seli zilizokufa, kuta zake zimejaa kitu cha nta kinachozuia maji. Kumbuka hilo, kwa sababu bila kulijua zoezi linalofuata linaharibika.

Chukua viazi vitatu vya ukubwa mmoja, vibichi na vigumu. Kimoja kichemshe hadi kiive bila kupasuka, kisha kiache kipoe. Vyote vikate chini visimame wima, menya ganda la nusu ya chini, na chimba shimo juu kwa kijiko ukiacha kuta za unene wa sentimita moja. Usipomenya, maji yatapita kwa shida, na wanafunzi watahitimisha kwamba kitabu kinadanganya. Simamisha kila kimoja kwenye sahani yenye maji ya kina cha sentimita mbili. Kibichi cha kwanza kitie vijiko viwili vya sukari. Kibichi cha pili kiache kitupu. Kilichochemshwa kitie sukari kiasi kile kile.

Mchana wenye joto kiasi Makambako, saa tatu au nne zinatosha. Njombe mjini wakati wa baridi acha usiku kucha, maana osmosisi, huku kuvutwa kwa maji kupitia utando, nayo hupungua kasi kwenye baridi. Shimo la kwanza litajaa maji ya sukari. La pili litabaki karibu kavu. Katika la tatu sukari inaweza kulowa, ila maji hayatapanda, kwa sababu hakuna tena utando wa kuyapitisha huku ukiizuia sukari. Kile kitupu ndicho wanafunzi hukidharau, na ndicho kinachothibitisha kwamba sukari ndiyo iliyovuta maji. Hakikisha kinaandikwa kwenye daftari kwa uzito sawa na vingine.

Ukitaka namba, kata vipande virefu vya sentimita tano kutoka kiazi kimoja, vipana sawa, uvigawe kwenye glasi tatu: maji matupu, maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji yenye vijiko viwili. Baada ya saa moja vipime na uvipinde. Cha maji matupu ni kigumu na hukatika kwa mlio. Cha chumvi nyingi kinakunjika bila kukatika. Ukiwa na hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, idondoshee kwenye kiazi kibichi na kilichochemshwa. Kibichi kitatoa povu la oksijeni, kwa kuwa vimeng'enya vya seli bado vinafanya kazi.

Shule isiyo na hadubini isikate tamaa. Lenzi ndogo ya tochi ya leza iliyoharibika, ikishikizwa mbele ya kamera ya simu kwa kibanio cha nywele na gundi ya karatasi, hukuza vya kutosha kuonyesha seli za kitunguu, mradi kitunguu kiwe kwenye kipande cha kioo chenye mwanga chini yake na simu iegemezwe isitikisike.

Jioni ile ile mwanafunzi anarudi shambani kwa wazazi, na somo linaendelea huko. Mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa shinani mwa mche wa parachichi, mizizi inapoteza maji kama kitunguu chako kilivyopoteza. Iwekwe mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu. Jani la kiazi lililopigwa na baridi kali linakuwa jeusi na kulegea kwa sababu barafu imeng'oa maji kwenye seli na kuharibu tando zake. Jua likitoka, maji yanavuja na hakuna cha kuyashika. Kuliiga hilo, gandisha kipande cha kiazi kwenye friza usiku mmoja, kisha kiache kiyeyuke na ukifinye.

Ghalani vilevile. Kiazi kilichovunwa kinapumua: mitokondria za seli zake zinatumia oksijeni na kutoa joto. Lundo kubwa lisilopitisha hewa huweza kuwa na viazi vyenye moyo mweusi, kwa nje vizima, ndani seli zimekufa kwa kukosa hewa. Kiazi kikikaa kwenye mwanga, vihifadhi vya wanga vilivyo chini ya ganda hugeuka kloroplasti nacho kinakuwa kijani. Pamoja na ukijani huo huongezeka solanini, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha, kwa hiyo kiazi kilichogeuka kijani kisiliwe. Na aliyekata mbegu ya viazi asikimbilie kuipanda. Siku chache mahali penye hewa na unyevunyevu huupa uso uliokatwa muda wa kujenga ganda jipya la kizibo, vimelea vya udongoni wakakosa mlango. Wanaotaka kwenda mbali zaidi, kituo cha utafiti cha Uwemba, nje ya mji wa Njombe, kinahusika na viazi hivi hivi, na ni mahali pazuri pa kuomba ziara ya darasa.

Kwa seli ya mnyama, kwangua taratibu ndani ya shavu lako kwa pamba ya masikio, kila mtu lake, na pamba zote zitupwe kwenye chombo chenye dawa ya kuulia vijidudu. Damu isiguswe kabisa. Kuchomana vidole darasani hakuna faida inayolingana na hatari ya kuambukizana. Kwa kiumbe cha seli moja, hamira ya dukani kwenye maji vuguvugu yenye sukari inatosha. Ndugu zake ndio wanaotoa povu la pombe ya ulanzi kwenye mianzi, lakini hilo liachiwe mazungumzo, lisiletwe darasani kwenye chupa.

Ukimaliza, futa lenzi kwa kitambaa laini na urudishe hadubini kwenye boksi lililofungwa, ukiweka humo mfuko wa kitambaa wenye mchele mkavu na kuubadilisha kila muhula. Unyevu wa nyanda hizi za juu huleta ukungu wa fangasi juu ya vioo, na nyuzi zake zikishaota kwenye lenzi ni vigumu sana kuziondoa.