SOMO: VITU VIDOGO VINAVYOPUNGUA CHINI YA GARI



Wengi wetu hapa Mwaya hatuna gari, lakini wote tunapanda: la jirani, la mwana aliyeko Mbeya akija sikukuu, au lile linaloazimwa usiku kumpeleka mgonjwa Kyela. Kwa hiyo somo hili ni letu sote, hata akina mama na vijana wasioshika usukani. Kazi yenyewe haitaki leseni. Inataka macho, tochi na nguo kuukuu.

Barabara zetu zinajulikana. Masika yakija, maji husimama, matope hushika, na gari likipita dimbwini lile bamba lililo chini ya injini huyachota maji kama sepetu. Klipu moja inakatika, bolti moja inaanguka topeni, wala dereva hasikii. Basi bolti zilizobaki hubeba kazi ya zote, nazo hulegea upesi zaidi. Ndivyo vitu vidogo vinavyopungua: cha kwanza kinatoka kimya, cha mwisho kinatoka kwa kishindo.

Kabla ya kuingia chini, tusikilizane. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gari liwe mahali pakavu na pa tambarare, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa kabari, na uzito umekaa juu ya stendi za chuma au magogo mapana. Tofali la kuchoma lisitumike. Hupasuka ghafla bila kuonya. Tena acha bomba la moshi lipoe. Mara nyingi huhitaji hata kuinua gari: lala kando yake, mulika, na mengi utayaona.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba kitu kilichovunjika utakiona, lakini kisichokuwapo hakionekani. Tutazame basi mahali pake. Yule mwanamke wa Luka 15 alijua idadi ya sarafu zake kabla ya kuwasha taa, ila mwenye gari hana hesabu ya bolti zake. Hesabu yetu ni upande wa pili. Mulika kulia, kisha mulika kushoto pale pale. Kama kulia pana bolti na kushoto pana tundu lenye nyuzi ndani, umepata jibu. (Bomba la moshi na tangi la mafuta havina mwenzake, hapo fuata braketi zake moja moja.) Alama nyingine ni duara safi katikati ya vumbi, au ukingo wa bamba unaoning'inia, au chuma kilichong'aa kwa kusuguana.

Mwaka jana baada ya mvua tulijiandaa kwenda mazishini Tukuyu, watu kumi na mmoja katika gari la watu wanane (hilo nalo lina somo lake). Siku tatu kabla, gari lilikuwa limebadilishwa tairodi gereji. Tulimtuma kijana kutazama upepo wa matairi, naye akainama na tochi, akarudi akasema: "Baba, mguu wa kushoto una pini, wa kulia hauna." Tulipotazama, nati ilikuwa imekwisha kulegea, inageuka kwa vidole. Kutoka Tukuyu hadi ziwani ni mteremko wa karibu mita 1,000, kona baada ya kona. Nati ile ikitoka, tairi halimtii dereva tena.

Kitu kilichokosekana ni kotapini, kipande cha waya ambacho bei yake haifiki ya soda. Hupita katika tundu la skrubu na katikati ya meno ya nati, ili nati isirudi nyuma. Ukirudishia, kaza nati kwanza kwa nguvu inayotakiwa. Kama meno hayakulingana na tundu, endelea kukaza kidogo mpaka yalingane, usilegeze kuyatafuta. Weka pini mpya yenye unene wa tundu, ukunje miguu yake. Iliyokwisha kunjwa haikunjwi tena, na msumari si kotapini. Magari mengine yana nati yenye plastiki ndani, na skrubu haina tundu. Hayo hayahitaji pini, ila nati ikifunguliwa inunuliwe mpya.

Wengi huvidharau pia vizibo vya mpira vya sakafuni. Kiwandani bodi huchovywa katika dawa na rangi, na matundu huachwa ili zichuruzike, kisha huzibwa. Kizibo kikitoka, maji ya mafuriko hupanda chini ya zulia, hukaa humo wiki nzima, na sakafu inaoza. Hayo ni hasara ya bati. Lakini kama bomba la moshi nalo linavuja, tundu hilo hilo huingiza hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wanaosinzia nyuma huamka wakiumwa kichwa, au wasiamke. Inua zulia ukaguzie ndani. Chomoa kizibo cha upande wa pili ukipeleke dukani kama sampuli. Ila matundu madogo yaliyo ukingoni kabisa mwa milango na mbavu za chini yasizibwe. Hayo ni ya kutolea maji. Yazibue matope kwa kijiti.

Bomba la moshi huning'inizwa kwa vipande vya mpira. Kimoja kikikatika, watu hufunga waya. Kwa kufika nyumbani, sawa. Lakini waya haunyooki kama mpira, nao hupitisha mtikisiko wote hadi bomba linapasuka kwenye kiungo. Mpira mpya huingia kwa maji ya sabuni. Oili huula mpira. Tazama pia kikinga joto juu ya bomba. Siku za mavuno mabua ya mpunga hunaswa hapo, nayo hushika moto.

Kwa bolti za bamba, nyingi za magari ya Toyota hufunguliwa kwa spana namba 10. Anza daima kwa vidole. Ikikataa baada ya mizunguko miwili, nyuzi hazilingani. Itoe utafute nyingine, usiilazimishe kwa spana.

Ukimaliza, endesha mpaka Ipinda na kurudi, kisha lala tena na tochi. Bolti mpya iliyokaa vibaya hulegea katika safari ya kwanza.