Sitara ya Anga na Mapatano ya Mataifa

Wengi katika sisi, tukisikia kuwa mataifa yamekutana, husema: wamekwenda kula na kunena, kisha kila mtu atarejea kwao. Dhana hiyo haikosi sababu, lakini si kweli daima. Leo twaeleza mkataba mmoja uliotimizwa, ili tupate mazingatio.

Juu sana ya mawingu pana tabaka ya ozoni, ambayo huzuia miale mikali ya jua isitudhuru ngozi na macho, wala isiharibu mimea. Mwaka 1974 wataalamu wawili huko California, Molina na Rowland, walionya kuwa gesi zilizokuwa zikitumika katika majokofu na makopo ya kupulizia hupanda na kuila sitara hiyo. Wenye viwanda walikanusha. Mwaka 1985 wataalamu wa Kiingereza wakabainisha kuwa juu ya Antaktika imekwisha kupungua mno.

Aliyejitahidi kuzipatanisha serikali ni Mostafa Tolba, Mmisri, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa kwetu Nairobi. Mkataba wa kwanza ulifanywa Vienna mwaka 1985. Wa pili, wenye amri za kupunguza gesi hizo, Montreal tarehe 16 Septemba 1987.

Palikuwa na hoja nzito. Nchi maskini ziliuliza: mmetajirika kwa gesi hizi, nasi sasa mwatukataza? Neno hilo lilikuwa la haki, wala halikupuuzwa. Zilipewa muhula wa miaka 10, na mwaka 1990 huko London ikawekwa hazina, matajiri watoe, maskini wasaidiwe kubadili mitambo. Kufikia 2009 kila dola ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeukubali mkataba. Gesi hizo zimeondolewa kwa kadiri ya 99 katika 100, na wataalamu watumai kuwa sehemu kubwa ya sitara itarudia hali yake ya 1980 karibu na mwaka 2040.

Basi tuzingatie mawili. Kwanza, mapatano husimama penye uadilifu: mwenye kudhuru zaidi achukue mzigo zaidi. Pili, sahihi ya wakubwa haitoshi. Fundi wetu afunguaye jokofu kuukuu na kuiachia gesi iende zake, huutoboa mkataba huo kwa mkono wake, na sisi tuliomwita tu washirika wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mbingu, ni nani kwetu awezaye kuujenga?