Kwale Nyumbani: Kuangua, Kulea na Hesabu Yake

Tangu mwaka huu uanze tumepokea barua kutoka parokia tatu za magharibi ya Kenya, zote zikiomba fedha za kununua mashine za kuangulia mayai ya kwale. Tumeona afadhali tujibu hapa mbele ya wote, wakiwemo wafadhili wetu. Fedha ni zao, na baadhi yao wanakumbuka yaliyotokea mara ya kwanza.

Kwa wasiokumbuka: mnamo mwaka 2013 Kenya nzima ilishikwa na homa ya kwale. Ilisemwa kwamba mayai yake yanaponya kisukari, shinikizo la damu, pumu na mengineyo. Yai moja liliuzwa hata kwa shilingi 100 mahali pengine. Watu waliacha mahindi, wengine waliacha kazi. Sisi nasi tuliidhinisha mikopo kwa vikundi vya akina mama bila kuuliza swali moja jepesi: ni nani atakayekula mayai haya? Kabla mwaka 2014 haujaisha bei ilikuwa imeanguka hadi shilingi chache tu, na mnunuzi hapatikani. Kila aliyekuwa akinunua alikuwa ananunua ili naye afuge. Mikopo mingine hatukuirudishiwa hadi leo, na hatuwalaumu waliokopa. Linalotuuma zaidi ni mama mmoja wa kikundi aliyeacha vidonge vyake vya shinikizo la damu akategemea mayai, mpaka akalazwa. Kwa hiyo tuseme wazi: yai la kwale ni chakula kizuri kama yai la kuku. Si dawa, na parokia isiliuze kama dawa.

Ndege mwenyewe hana kosa. Wazee wa Siaya na Busia wanamjua jamaa yake wa porini, aluru kwa Wajaluo na isindu kwa Waluhya, waliyekuwa wakimtega kwa kutundika kwale hai ndani ya kikapu juu ya mti mrefu ili aite wenzake. Wasomaji wa Biblia wanamkuta jangwani katika Kutoka na Hesabu kwa jina la kware. (Katika Hesabu, waliomkusanya kwa pupa hawakuishia vizuri. Tulipaswa kuisoma sura ile mwaka 2013.) Huyu wa kufugwa ni kwale wa Kijapani. Amefugwa muda mrefu hata amepoteza desturi ya kuatamia. Hutaga na kuondoka. Ndiyo sababu barua zote tatu zinaomba mashine.

Mayai ya kuangua yatoke kwenye kundi lenye dume mmoja kwa majike wawili au watatu, na dume asiwe ndugu yao. Kwale wakizaliana ndugu kwa ndugu, mayai yasiyoanguka huongezeka upesi. Yasioshwe, yasiwekwe kwenye friji, wala yasikae zaidi ya siku saba kabla ya kuingia mashineni. Mashine yenye feni iwe na joto la nyuzi 37.5, na mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku. Ukifika siku ya 15 acha kuyageuza, ongeza maji ili unyevu upande, kisha usifungue tena. Vifaranga hutoka siku ya 17 au 18. Hapo ndipo wengi huharibu: wanasikia mlio ndani, wanafunua kuchungulia, unyevu unatoka, na kifaranga anakaukia kwenye utando wa yai. Stima ikipotea, vivyo hivyo, usifungue. Funika mashine kwa mablanketi, ukiacha matundu ya hewa wazi, na uwashe jenereta kama ipo.

Asiye na mashine anaweza kumpa kuku mdogo wa kienyeji anayeatamia mayai 15 hivi. Mengine atayavunja kwa uzito wake. Vifaranga wakishakauka waondolewe, maana atawakanyaga, na kuku huwaambukiza kwale magonjwa.

Kifaranga wa kwale ana gramu 7 hivi, mdogo kuliko kidole gumba. Wiki ya kwanza ndiyo inayoua. Joto la bruda lianze nyuzi 36 au 37, kisha lipunguzwe kidogo kidogo mpaka wamee manyoya, kama wiki tatu au nne. Kipimajoto kisaidie, lakini waangalie wenyewe: wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na midomo wazi wanaungua. Anayetumia jiko la makaa aache nafasi ya hewa, kwani moshi wake usioonekana huua ndege na watu. Usiwatandikie gazeti, huteleza na miguu hupinda; tandika gunia safi. Maji yawe kwenye kifuniko kifupi kilichojaa vijiwe, la sivyo watazama. Chakula cha vifaranga wa kuku wa nyama kisagwe laini zaidi na kiongezwe omena iliyosagwa, maana kwale huhitaji protini nyingi, karibu asilimia 24.

Kufikia wiki ya tatu dume hujulikana kwa kifua chake chekundu cha kutu. Jike ana madoa. Jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba.

Sasa hesabu, ambayo mwaka 2013 hatukuifanya. Kwale mmoja hula gramu 25 hivi kwa siku, kwa hiyo majike 20 wanamaliza nusu kilo. Wakitaga mayai 16, kila moja gramu 11, jumla ni kama mayai matatu ya kuku. Kuku wanne wa mayai wangekula karibu kiasi kile kile na kutoa karibu kiasi kile kile. Hakuna muujiza hapo. Faida ya kwale ni kwamba anatosha kwenye kizimba kidogo ukutani kwa mama asiye na shamba, anataga mapema wakati kuku angesubiriwa miezi mitano, na madume ya ziada huwa kitoweo baada ya wiki saba. Kwa nyumba yenye watoto hilo si dogo. Kwa biashara ya kutajirika, halitoshi.

Kwa hiyo hatutanunua mashine tatu. Tutanunua moja ya mayai machache, itakayozunguka parokia hizo tatu kwa zamu, na kila nyumba itaanza na majike wasiozidi 20. Kamati iulize kwanza ofisi ya Huduma ya Wanyamapori iliyo karibu kuhusu kibali, maana wakati ule wengine walikamatwa na ndege mkononi. Barua ya maombi iletwe upya ikiwa na majina ya nyumba zitakazofuga na idadi ya mayai ambayo kila nyumba itakula yenyewe kwa wiki. Yatakayobaki, ituandikie ni hoteli gani au duka gani limekubali kuyanunua, na kwa bei gani.